Nakala ya Kujalidiwa ya Kitabu cha Christy Mathewson: Thamani Yake kwa Msomaji wa Nairobi

Kitabu ninachokitathmini hapa ni Pitching in a Pinch, kilichotolewa mwaka 1912 na kampuni ya G. P. Putnam's Sons ya New York kwa jina la Christy Mathewson, mrushaji wa timu ya besiboli ya New York Giants. Hakimiliki yake nchini Marekani imekwisha zamani, kwa hiyo maandishi yake yanapatikana bure kwenye intaneti, nami niliyapeleka kwa flashi katika duka moja la kuchapisha karibu na River Road, nikalipa shilingi 850 kwa kuchapishiwa pande zote mbili za karatasi za A5 na kujalidiwa kwa gundi. Yaliyomo yanastahili bei hiyo na zaidi, ila kazi ya kujalidi haikunipendeza. Jambo ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua kabla ya kutoa pesa zake ni kwamba kitabu hiki kiliandikwa wakati mwandishi wake angali uwanjani, kwa hiyo sehemu chungu zaidi ya maisha yake ya mchezo haimo.

Besiboli haina wafuasi wengi jijini kwetu, lakini msomaji wa Nairobi hataingia humu akiwa mtupu kabisa. Waliocheza raunda katika shule za msingi wanajua mpigaji, vituo vya kuzunguka na namna mtu anavyotolewa, na wanaofuatilia kriketi wanajua jinsi mpira unavyoweza kumdanganya mwenye gongo. Tofauti kubwa ni kwamba katika raunda anayerusha mpira hana sifa ya pekee, ilhali katika besiboli mrushaji ndiye moyo wa timu yake. Husimama kwenye kilima kidogo mita 18 na ushei kutoka kwa mpigaji, na kila jambo katika mchezo huanza mkononi mwake. Mchezo kamili una zamu tisa, na enzi za Mathewson mrushaji aliyeanza alitazamiwa kuumaliza mwenyewe. Yeye alimaliza michezo zaidi ya 430 kati ya 550 hivi aliyoianza, hesabu ambayo kwa warushaji wa leo, wanaobadilishwa mara tu mkono unapoanza kuchoka, ni kama hadithi ya kale.

Kitabu si tawasifu. Sura zake zimepangwa kwa mada: wapigaji hatari, waamuzi, wizi wa ishara, mazoezi ya majira ya kuchipua, mikosi na ushirikina. Anayetaka kujua mwandishi alitoka wapi itambidi atafute kwingine, na inafaa afanye hivyo mapema, maana mwanzo wake unaeleza mengi. Mathewson alizaliwa Factoryville, Pennsylvania, tarehe 12 Agosti 1880, akasoma katika Chuo Kikuu cha Bucknell alikosifika kwa kandanda ya Kimarekani kama kwa besiboli. Hilo lilikuwa jambo la nadra katika kazi iliyojaa vijana wa migodini na mashambani ambao hawakuwahi kuona ndani ya chuo. Mwaka 1900, akiwa na timu ya Norfolk katika ligi ndogo, alishinda michezo 20 na kupoteza 2. Giants walimnunua kwa dola 1,500, akapoteza michezo 3 bila kushinda hata mmoja, wakamrudisha Norfolk. Klabu ya Cincinnati ikamchukua kwa dola 100 tu, kisha papo hapo ikambadilisha na Giants kwa Amos Rusie, mrushaji mwenye jina kubwa ambaye mkono wake ulikuwa umekwisha. Rusie hakushinda tena mchezo wowote wa ligi kuu. Kijana waliyemwachilia alikuja kushinda 373.

Hata hivyo mambo hayakunyooka mara moja. Mwaka 1902 meneja wa Giants alimjaribu katika kituo cha kwanza na nafasi nyingine za ndani ya uwanja, kana kwamba mkono ule ulikuwa wa kudakia mipira tu. John McGraw alipochukua uongozi katikati ya msimu huo, alimrejesha kwenye kilima na kumwacha huko. Misimu mitatu iliyofuata Mathewson alishinda michezo 30, 33 na 31. McGraw, mtu mfupi mwenye ulimi mkali, na Mathewson, mtu mrefu, mpole, ambaye hakurusha mpira siku za Jumapili, walikuwa marafiki hadi kifo, na sehemu kubwa ya uhondo wa kitabu hutokana na yale ambayo McGraw alisema au kufanya kwenye benchi.

Sura iliyobeba jina la kitabu ndiyo iliyonifanya nikichapishe. Humo Mathewson anaeleza mpira wake maarufu aliouita fadeaway. Mpira wa kawaida wa kupinda, ukirushwa na mtu wa mkono wa kulia, humkimbia mpigaji wa mkono wa kulia. Fadeaway ulifanya kinyume, ukielekea kwake na kudidimia alipokuwa ameshaanza kuzungusha gongo. Msomaji anayemkumbuka Collins Obuya wa timu ya kriketi ya Kenya akiwachanganya wapigaji wa Sri Lanka katika uwanja wa Nairobi Gymkhana tarehe 24 Februari 2003, alipochukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, ataelewa upesi. Mrushaji wa aina yake huwa na mpira mmoja unaogeuka upande usiotarajiwa, na hofu ya mpira huo mmoja huwavuruga wapigaji hata pale usiporushwa.

Kinachonivutia zaidi ni bei ya mpira huo kwa mwili. Ili kuutoa, Mathewson alilazimika kuuzungusha mkono kwa ndani, kiganja kikiishia kutazama nje, kinyume kabisa na jinsi mkono unavyopenda kwenda. Anakiri kwamba kuurusha mara kumi au kumi na mbili katika mchezo mmoja kuliuchosha mkono wake kabisa, na ndiyo maana aliuhifadhi kwa zile nyakati za kubanwa, wakati wapinzani wamejaa kwenye vituo na kosa moja linauangusha mchezo. Muda mwingine alirusha kwa nguvu za wastani, akiwaacha wapigaji waupige mpira hafifu uelekee kwa wenzake nyuma yake. Kwa ufafanuzi huu tarakimu zake zinapata maana. Mwaka 1913 alirusha zamu 306 na kuwapa wapigaji nafasi ya bure ya kwenda kituo cha kwanza mara 21 tu. Mtu huyu hakuwa na nguvu za kupoteza, wala hakuzipoteza.

Ushahidi mkubwa zaidi ni fainali za World Series za 1905 dhidi ya Philadelphia Athletics, ambazo kitabu kinazigusa kwa unyenyekevu unaokaribia kukera. Kati ya tarehe 9 na 14 Oktoba Mathewson alirusha michezo mitatu kamili, zamu 27, na wapinzani hawakupata hata mkimbio mmoja. Aliwatoa wapigaji 18 kwa kuwakosesha mpira, akampa mmoja tu nafasi ya bure. Sijui mwanariadha wa mchezo wowote aliyefanya jambo la ukubwa huo katika siku sita kisha akaliandika kwa maneno machache hivyo.

Mahali ambapo nakala hii inalipa gharama yake yote ni sura ya mchezo ulioigharimu Giants ubingwa wa 1908. Mwaka huo Mathewson alishinda michezo 37 na kupoteza 11, akarusha zamu zaidi ya 390, na bado timu yake haikuwa bingwa. Tarehe 23 Septemba, kwenye uwanja wa Polo Grounds, Giants na Chicago Cubs walikuwa sare ya 1 kwa 1 katika zamu ya mwisho. Giants walikuwa na mtu kituo cha tatu, na kituo cha kwanza alisimama Fred Merkle, kijana wa miaka 19. Al Bridwell akaupiga mpira ukapita, mtu wa kituo cha tatu akafika kituo cha nyumbani na kupata mkimbio, mashabiki wakamiminika uwanjani wakijua wameshinda. Merkle alipoona hivyo alikatisha njia kuelekea chumba cha wachezaji kabla ya kugusa kituo cha pili, jambo ambalo wachezaji wengi wa wakati huo walikuwa wakilifanya bila kuulizwa. Johnny Evers wa Cubs aliitisha mpira, akagusa kituo hicho cha pili akiwa nao, na mwamuzi Hank O'Day akatoa uamuzi kwamba Merkle, ambaye hakuwa amefika hapo, ametolewa na kwa hiyo mkimbio haukuhesabika. Kwa kuwa umati ulikuwa umeshaujaza uwanja, mchezo ukatangazwa sare, na timu zilipofungana kileleni mwisho wa msimu, ikabidi urudiwe tarehe 8 Oktoba.

Mathewson ndiye aliyerusha siku zote mbili. Anaeleza kwamba asubuhi ya marudio alijua mkono wake haukuwa tayari, kwa kuwa alikuwa ameutumia kupita kiasi katika wiki za mwisho, na bado aliingia uwanjani kwa sababu hapakuwa na mwingine ambaye McGraw alimwamini. Katika zamu ya tatu Joe Tinker alipokuja kupiga, Mathewson aligeuka na kumwashiria Cy Seymour, aliyelinda uwanja wa kati, arudi nyuma. Seymour hakurudi. Tinker akaupiga mpira ukapita juu ya kichwa chake, Cubs wakapata mikimbio minne katika zamu hiyo, na Mordecai Brown, ambaye ajali ya shambani utotoni ilimpokonya sehemu ya vidole vya mkono wake wa kulia na kumwachia mpindo wa mpira ambao hakuna aliyeweza kuuiga, akaulinda ushindi wa 4 kwa 2. Hakuna kulia katika masimulizi haya wala kumtupia Merkle lawama. Klabu nayo haikumtupa, kwani alibaki Giants hadi 1916, ingawa magazeti na mashabiki hawakumsahaulisha kosa hilo maisha yake yote. Nimeisoma sura hii zaidi ya mara moja, na kila mara ninasimama pale kwa Seymour. Inaudhi kuona mchezo wa mwaka mzima ukiangukia ishara ambayo mtu mmoja hakuifuata.

Tinker huyo huyo ndiye anayefungua kitabu. Kwa muda mrefu Mathewson alimtawala kwa mpira wa chini uliopinda kwenda nje, hadi Tinker alipopata gongo refu zaidi na kusogea mbali na mstari, akaanza kuufikia. Kuanzia hapo ilikuwa ni kuwaza na kuwazua. Wanaomjua Mathewson kama mchezaji stadi wa drafti, aliyeweza kucheza na wapinzani kadhaa kwa wakati mmoja, hawatashangazwa na jinsi anavyowakumbuka wapigaji, kila mmoja kwa udhaifu wake na kwa siku alipouziba udhaifu huo.

Sasa nirudi kwenye nakala yenyewe. Fundi aliacha ukingo wa ndani mwembamba mno, hivyo mwisho wa mstari umemezwa na mgongo wa kitabu na inabidi kukikunja kwa nguvu ili kusoma. Ukikikunja, gundi inapasuka. Kurasa za sura ya waamuzi zimeshaanza kuchomoka. Faili niliyoipeleka nayo ilikuwa na makosa ya kunakiliwa kwa mashine: tarakimu 1 imegeuka herufi, na sentensi kadhaa zimekatika katikati zikaendelea baada ya namba ya ukurasa. Anayetaka kuchapisha aombe ukingo wa ndani wa angalau sentimita mbili, alipie kushonwa badala ya gundi peke yake, na apitie faili kabla ya kuikabidhi. Gharama itaongezeka kidogo, lakini kitabu cha kurasa hizi kikijalidiwa kwa gundi tupu hakimalizi msimu wa mvua mkobani.

Kuna dosari nyingine isiyomhusu fundi. Maneno si yote ya Mathewson, kwani aliyeandika kwa niaba yake ni John Wheeler, mwandishi wa habari za michezo wa New York Herald. Hili halikuwa siri kubwa, na liliwahi kumwaibisha Mathewson hadharani. Katika fainali za 1911, Frank Baker wa Philadelphia aliupiga mpira wa Rube Marquard wa Giants ukavuka uzio, na kesho yake safu ya gazeti yenye jina la Mathewson ikamkosoa Marquard kwa kumrushia Baker mpira ambao alikuwa ameonywa asiurushe. Siku hiyo hiyo Baker akaupiga mpira wa Mathewson mwenyewe vivyo hivyo katika zamu ya tisa, na Giants wakashindwa. Marquard, ambaye naye alikuwa na mwandishi wake, hakukosa la kujibu. Msomaji asidhani basi kwamba kila mzaha humu umetoka kinywani mwa mrushaji. Maarifa ya mchezo, naamini, ni yake, kwa kuwa hakuna mwandishi wa benchi la magazeti ambaye angeweza kujua jinsi mkono unavyouma baada ya fadeaway ya kumi.

Sura ya mikosi inachekesha, na kwa msomaji aliyezoea kusikia timu zetu za kandanda zikituhumiana uganga haitakuwa ngeni. Shujaa wake ni Charles Faust, mtu wa Kansas aliyemfuata McGraw mwaka 1911 akidai mpiga ramli alimtabiria kwamba akiirushia Giants watakuwa mabingwa. Hakujua kurusha. McGraw alimweka kwenye benchi kama hirizi, timu ikashinda mfululizo na kutwaa ubingwa wa ligi yao, National League, na mwisho wa msimu, kombe likiwa limeshapatikana, Faust akaruhusiwa kurusha katika michezo miwili. Wachezaji walimcheka na wakati huo huo walimwogopa aondoke. Nilitamani Mathewson angejiuliza maswali zaidi juu ya kumgeuza mtu wa namna hiyo kuwa kichekesho, lakini hakufanya hivyo.

Pengo kubwa zaidi ni la rangi. Ligi aliyoitawala Mathewson haikumruhusu mchezaji yeyote Mweusi, na mlango huo haukufunguliwa hadi Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Kitabu kinawaorodhesha warushaji bora wa taifa bila kuona kwamba nusu ya uwanja haikualikwa. Kuna simulizi ya miaka mingi kwamba Rube Foster, mrushaji mkuu wa timu za Weusi, ndiye aliyemfundisha Mathewson fadeaway. Haina ushahidi thabiti, na Mathewson alikuwa na mpira huo tangu ligi ndogo, lakini kudumu kwake kunaeleza jinsi watu walivyoiona haki iliyokosekana. Rekodi zake zisomwe kwa kumbukumbu hiyo.

Yaliyofuata baada ya kitabu kutoka nitayapita haraka. Oktoba 1912 Giants walipoteza fainali dhidi ya Boston katika zamu ya kumi ya mchezo wa mwisho, Mathewson akiwa kilimani, baada ya Fred Snodgrass kuuangusha mpira rahisi. Mkono ulianza kuisha mwaka 1914, na Julai 1916 alihamia Cincinnati kuwa meneja, alikorusha mchezo mmoja tu, dhidi ya Mordecai Brown yule yule, akashinda 10 kwa 8. Mwaka 1918 alijiunga na jeshi akiwa kapteni katika kikosi cha vita vya kemikali, akapelekwa Ufaransa, na inaelezwa kwamba alivuta gesi wakati wa mafunzo huko. Kifua kikuu kilimshika baadaye, ugonjwa ambao ulikuwa umeshamuua ndugu yake Henry, na alifariki Saranac Lake, New York, tarehe 7 Oktoba 1925, akiwa na umri wa miaka 45. Mwaka 1936 Jumba la Mashuhuri la besiboli lilipochagua watu watano wa kwanza, yeye pekee ndiye hakuwa hai.

Kwa mnunuzi asiye na muda, nashauri aanze na sura ya wizi wa ishara. Mathewson anachora mpaka humo: kusoma ishara za mdakaji kwa macho yako ukiwa kwenye kituo ni werevu, lakini kutumia darubini na nyaya zilizofichwa ni udanganyifu. Kisa cha Philadelphia mwaka 1900, pale Tommy Corcoran wa Cincinnati alipofukua kwa njumu zake kifaa cha umeme kilichozikwa karibu na kituo cha tatu, kinastahili kusomwa kwa sauti. Lakini sura hii isomwe huku msomaji akijua yaliyompata mwandishi miaka sita baadaye. Agosti 1918, akiwa meneja wa Cincinnati, Mathewson alimsimamisha mchezaji wake Hal Chase kwa kushuku kwamba anauza michezo kwa wacheza kamari. Kesi iliposikilizwa, shahidi mkuu, Mathewson mwenyewe, alikuwa ng'ambo na jeshi, na rais wa ligi, John Heydler, akamwachilia Chase kwa kukosa ushahidi. Aliyemchukua Chase mara moja alikuwa McGraw, na Mathewson aliporudi kutoka Ufaransa mwaka 1919 na kuajiriwa na Giants kama msaidizi, alimkuta mtu huyo kwenye benchi lile lile. Oktoba ya mwaka huo, wakati wa fainali za World Series, aliketi katika chumba cha waandishi pamoja na mwandishi wa michezo Hugh Fullerton, kalamu mkononi, akizungushia duara kila tendo la wachezaji wa Chicago White Sox lililomtia shaka kwamba wameuza mchezo.